Kidirisha cha Ukuta wa Kati

6 Februari

Mwanangu,

Salamu kwanza, na usiziruke. Naijua tabia yako ya kurukia katikati ya barua ukitafuta nani kafa. Hakuna aliyekufa. Kikohozi changu kimeondoka baada ya kunikalia kama mgeni asiyejua kuaga. Kazi ipo, wiki hii nimepiga pasi mapazia ya ukumbi mzima wa mikutano na mgongo unanidai mpaka sasa. Mdogo wako alipita Jumapili, akala, akalala kwenye kiti, akaamka akasema ana haraka. Mama Mapazia anakusalimu sana. Magoti yamemgomea kabisa, ngazi hashuki tena, lakini cherehani yake naisikia tangu asubuhi ukutani kwangu, na ikinyamaza kidogo tu mimi huyo nimeshafika kidirishani kumuuliza kulikoni. Mumeo hajambo? Na mjukuu wangu, lile jino limeng'oka au bado analichezea na ulimi?

Utasema ningepiga simu. Simu ni ya kuulizana kama mtu yu hai. Mambo yenye mikono na miguu yanataka karatasi.

Sasa habari yenyewe. Jiji limetukumbuka. Unakumbuka walivyotaka kubomoa nyumba zetu zote zilizoegemeana huku mtaani, wapandishe jengo refu la vioo? Madiwani wapya wamesema hapana, mitaa ya zamani ihuishwe, duka libaki chini na watu wabaki juu kama ilivyokuwa tangu enzi za babu yako. Jiji litalipia paa, mitaro na sura za mbele za nyumba: yale matao yarudishiwe chokaa yake, roshani zipate mbao mpya. Tena mwenye nyumba haruhusiwi kumpandishia mpangaji wa duka kodi kwa miaka kadhaa. Alikuja ofisa wa jiji, binti mmoja mchangamfu, akatandaza michoro yake juu ya meza yangu ya pasi. Nikamwambia mwanangu, hiyo meza bado ina moto. Aliruka huyo.

Masharti ni mawili. La kwanza, wenye nyumba wote wa safu yetu wasaini kabla Juni haijaisha. Akikosekana hata mmoja, fedha zinahamia mtaa mwingine na sisi tunarudi kwenye jalada la kubomolewa. La pili, kila ukuta unaotenganisha nyumba na nyumba uwe mzima kuanzia chini hadi paani, pasiwe na tundu, ili moto wa kwa jirani usihamie kwako. Kwa hiyo kidirisha chetu nacho, kile cha kutoka jikoni kwangu juu kwenda chumbani kwa Mama Mapazia, kimewekewa alama nyekundu. Upana wenyewe wa sinia. Sijui kinamuudhi nani.

Watu wamefurahi na wamesaini wote, bado mtu mmoja tu. Unawajua watu.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi mpendwa,

Nimezisoma salamu zote, neno kwa neno, ili usinisute. Jino liling'oka shuleni na mwenyewe akalimeza na mkate, akalia siku mbili akidhani litaota tumboni. Baba yake amemwapia kwamba halitaota. Sisi wengine wazima. Ofisini mafaili yamenifika shingoni, lakini nikikumbuka ninyi huko mnavyoamka mkainamia nguo za watu, naona aibu kulalamika.

Habari ya mtaa imenifurahisha hadi nikamsomea mume wangu. Unajua ofisi yetu ndiyo inayoandika kanuni za ujenzi ambazo majiji yote yanazitumia, na kwa miaka nimeona mitaa kama wetu ikifutwa kwenye ramani kwa rula. Jiji kuamua kulipia chokaa badala ya kulipia tingatinga si jambo dogo. Nyumba ya babu itasimama, Shangazi. Nawaza yale matao yakiwa meupe tena.

Kuhusu ukuta wa kati, hilo ni suala la kitaalamu. Moto katika nyumba zilizogusana husafiri kupitia matundu hayo hayo madogo ambayo watu huyaona hayana neno. Waliokiandika kifungu hicho walikuwa na sababu zao. Mama Mapazia anaweza kuwekewa kengele, ya umeme, akibonyeza unasikia.

Huyo mmoja ambaye hajasaini ni nani? Bwana Redio? Ana ubishi huyo tangu mimi mtoto. Mkae naye, mmweleze. Asije akawaponza wote kwa ukaidi wake.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Huku mvua zimeanza na paa linavuja pale pale pa siku zote, juu ya kabati la nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Nimeweka beseni. Mdogo wako kaahidi kuja kupanda juu, na ahadi za mdogo wako unazijua. Mwambie mjukuu wangu meno hayaoti tumboni, mimi ningekuwa na kinywa cha pili.

Mafundi wamejaribu chokaa kwenye nyumba ya Kinyozi, kipande tu cha mbele, ili watu waone. Imependeza. Kinyozi sasa anajipitisha barabarani mara kumi akijifanya ana shughuli upande wa pili, kumbe anaiangalia nyumba yake. Bwana Redio, ambaye hawajasalimiana naye tangu ule ugomvi wa kelele za spika, alisimama akaiangalia pia, ila aliangalia kwa pembeni.

Tulikuwa na mkutano. Yule binti wa jiji alieleza vizuri, tena kwa upole. Bwana Redio alishasaini zamani, usimsingizie. Huyo ambaye hajasaini ana sababu zake, na si ukaidi. Mtu akishakula chumvi nyingi huwezi kumkalisha kama mtoto wa shule ukamweleza.

Kengele nilimtajia Mama Mapazia. Akaniuliza kengele nayo inapitisha chai?

Nina nguo zinaningoja. Msalimu mumeo.

Shangazi yako


10 Aprili

Shangazi,

Hatujambo, na natumaini hujambo, na paa nimelisikia. Leo salamu zangu fupi, unisamehe.

Kinyozi amenipigia simu. Alianza mbali, akaulizia hali ya hewa, akaulizia watoto, mwisho akasema, "Mwanangu, tunakuomba umshauri shangazi yako." Hapo ndipo nilipoelewa. Ni wewe. Miezi yote hii unaniandikia habari za "mtu mmoja" na mtu mwenyewe ni wewe, na mimi nikakaa nikimtukana Bwana Redio wa watu.

Safu nzima inakungoja, Shangazi. Kinyozi ana watoto chumba cha juu. Mkikosa hii nafasi, tingatinga linarudi, na likibomoa halitakiacha kidirisha chako kikining'inia hewani. Kwa nini?

Na kwa kuwa umenificha, nami nimekuficha, basi tumwage yote. Nilikwambia "waliokiandika kifungu". Hakuna "walio". Nilikiandika mimi. Neno kwa neno, miaka minne iliyopita, na nilikitetea mbele ya watu waliotaka kukilegeza. Wakubwa wangu walidhani ni bidii ya kazi.

Nilikiandika kwa sababu ya siku ile. Nilikuwa na miaka mitano, mama yuko hospitali. Nakumbuka moshi ukimiminika jikoni kwetu, nakumbuka kidirisha kikiwa katikati ya moshi huo, nakumbuka kukohoa na mtu akinivuta mkono. Mlinieleza wenyewe baadaye kwamba jiko la Mama Mapazia lililipuka, na moto ukaja kwetu kupitia pale. Simlaumu, jiko ni jiko. Lakini nilikua nikijua kwamba tundu la upana wa sinia lilitaka kuniua, na nilipopata kalamu ya serikali mkononi niliyafunga matundu yote ya namna hiyo ya miji yote. Sijutii. Nakuomba kwa mapenzi yote, saini.

Mwanao


22 Mei

Shangazi,

Wiki zinapita na sipati barua. Nilipokupigia simu ulisema, "Nimeipata, nitaandika," kisha ukaniambia bei ya sabuni mpaka salio likaisha. Kama nimekuudhi niambie. Kama unaumwa niambie pia, nije. Mwenzio silali vizuri.

Mtoto kakuchorea nyumba. Nimeibandika ukutani kwanza, nitakuletea mwenyewe. Imepinda kidogo lakini ina paa zima.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu mpenzi,

Siumwi, na hujaniudhi. Nilikuwa naogopa. Mara kadhaa nimeanza barua hii nikaichana, na Mama Mapazia akisikia karatasi inachanika ananiuliza ng'ambo ya ukuta, "Leo tena?" Mwisho aliniambia ama uandike ama uache kutuharibia karatasi.

Jiko la Mama Mapazia halikulipuka. Halijawahi kulipuka. Moto ulitoka kwetu.

Asubuhi ile baba yako alikuwa chini dukani anapiga pasi shuka za hoteli, kwa ile pasi ya mkaa. Akaja mtu mbio kumwambia mama yako amejifungua salama, mtoto wa kiume. Baba yako alitoka kama alivyo, kandambili mguuni, akicheka peke yake njiani, na pasi akaiacha juu ya shuka. Mimi na wewe tulikuwa juu. Nilipohisi harufu na kufungua mlango, ngazi ilikuwa inawaka. Ngazi ya mbao, na ndiyo hiyo moja. Roshani ilikuwa imefunikwa na moshi wa dukani, hapaonekani chini. Nilipiga kelele kidirishani. Mama Mapazia alikuwa na tumbo kubwa la mwanawe wa mwisho, lakini alipanda juu ya kiti chake cha cherehani akaingiza mikono yote miwili upande wangu, akasema, "Nipe mtoto." Nikakupitisha, kichwa kwanza. Moshi uliouona kidirishani ulikuwa unatoka kwetu unaingia kwake, na wewe ulikuwa ndani yake, unapita. Mkono uliokuvuta ni wake.

Mimi nisingepita pale hata kwa kupakwa mafuta. Alinipitishia maji, ndoo kwa ndoo, mpaka watu walipoizima ngazi. Walikuwa wameikuta inawaka yote, hakuna aliyeweza kusema moto ulianzia juu au chini.

Baba yako aliporudi alikaa chini mbele ya duka akashika kichwa. Alitaka kuacha udobi. Kazi yenyewe ingemwacha, maana nani angempa nguo zake mtu aliyeunguza shuka za hoteli? Na kilichomuuma zaidi ni mdogo wako, kwamba mtoto atakua akiambiwa siku uliyozaliwa ndiyo siku tuliyoungua. Mama Mapazia alisikiliza yote hayo, na wewe umemlalia begani, akasema, "Semeni ni jiko langu. Mimi nashona mapazia, nani atajali jiko langu?" Lakini watu walijali. Walimwita mzembe. Wanawake waliokuwa wakimwachia watoto wao waliacha. Hakuwahi kufungua kinywa, wala mbele yetu hakuwahi kukumbushia. Baba yako alikufa akiwa anamwamkia kwa heshima ya mama mkwe, na wewe ulikuwa ukimcheka.

Ningeweza kusaini, mwanangu. Paa navujiwa mimi pia, na Kinyozi na wanawe nawapenda. Lakini ile karatasi inataka nikubali kuziba kidirisha kwa sababu ni hatari kwa watu, na nikifika hapo mkono unakataa. Yule mama yuko juu peke yake na magoti yake. Nikimpigia ukuta usoni kwa kosa nililolala nalo mimi, nitamtazama vipi? Nitamtazama wapi, maana hata pa kumtazamia hapatakuwepo.

Sasa unajua. Mdogo wako nimemwambia mwenyewe. Alicheka kwanza, kisha akaenda kwa Mama Mapazia, akakaa huko mpaka giza likaingia.

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi wangu,

Barua yako niliifungulia ofisini, kosa langu. Nililia mezani mpaka mama wa chai akaenda kuwatangazia wenzangu kwamba nimefukuzwa kazi. Watu walikuja kunipa pole na mmoja alishaanza kukitazama kiti changu.

Nimekasirika, nisikufiche. Nimemkasirikia baba ambaye siwezi kumgombeza tena, na nimekukasirikia wewe kidogo. Hasira yenyewe haikai, kila nikiishika naona mikono miwili inaingia kidirishani.

Nilipojifuta uso nilimwendea mkuu wangu, nikamwambia kifungu cha ukuta wa kati kinaihusu nyumba ya kwetu, nitoeni humo, mwingine akipitie upya. Nilimweleza na sababu, yote. Hakunifokea. Aliita kikao na kumwalika ofisa wa zimamoto, mzee mmoja mwenye masharubu ambaye sijawahi kumwona akitabasamu. Niliruhusiwa kueleza kilichotokea kwetu kisha nikatoka, nikakaa kwenye benchi la korido kama mtu anayengoja daktari. Wenzangu walinisimulia baadaye. Yule mzee aliuliza hivi: nyumba zimegusana, ngazi ni moja na ni ya mbao, ikiwaka hiyo, aliye juu anatokea wapi? Nilikuwa nimeandika kurasa nzima za kuuzuia moto usiingie, nikasahau kuandika mtu atatoka vipi.

Walibishana siku mbili. Nilijua wangeweza kukiacha kama kilivyo, na nilijiandaa kukwambia hivyo. Lakini kimebadilika. Katika safu za namna ya kwenu, kila ukuta wa kati wa ghorofa ya juu utawekewa mlango wa chuma usiopitisha moto, unaojifunga wenyewe, unaofunguka bila ufunguo kutoka pande zote mbili. Kila ukuta, Shangazi, si wenu tu. Gharama ni ya jiji. Madiwani wenu wamekubali na wameongeza muda wa kusaini mpaka mwisho wa Julai. Kidirisha hakizibwi. Kinapanuliwa mpaka kimtoshe mtu mzima.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ndogo. Ni ya Mama Mapazia. Macho yake najua hayamsaidii tena kwenye maandishi, kwa hiyo msomee wewe, taratibu, na usiongeze maneno yako. Nimeshindwa kujua niiandikeje, nimeandika tu kwamba sikujua, na asante.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Mungu, mtaa mzima tuna vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi na hakuna anayelalamika. Nimesaini. Yule binti wa jiji alikumbatia karatasi kama mtoto. Kinyozi alininyoa bure, ingawa mimi sinyoi, alinipunguza tu pembeni kwa furaha yake. Paa langu limefunguliwa lote na linafungwa wiki ijayo. Chokaa imefika mpaka nyumba ya tatu. Sasa ugomvi ni rangi ya roshani, na mdogo wako ndiye mwamuzi, kwa hiyo hatutapata rangi mwaka huu.

Milango ndiyo imetuvunja mbavu. Kinyozi na Bwana Redio, watu wasiosalimiana, kanuni yako imewapa mlango katikati usio na ufunguo. Bwana Redio alimuuliza ofisa kama mtu anaweza kuwekewa mlango na jirani mwingine. Akaambiwa jirani ni yule yule aliyepo. Siku ya kuujaribu ikabidi wasimame kila mmoja upande wake, wafungue kwa zamu, na kila ukifunguliwa wanakutana uso kwa uso. Mara ya nne Kinyozi akasema, "Habari za asubuhi." Ilikuwa jioni.

Wetu umewekwa jana. Fundi alipobomoa kile kidirisha nilisimama jikoni na roho mkononi, nikamwambia apige polepole. Alipomaliza, Mama Mapazia akaja. Kwa miguu yake, mwanangu, hakuna ngazi, ni sakafu tupu. Miaka mingi kaona jikoni kwangu kupitia tundu tu. Alisimama mlangoni akazungusha macho, akasema, "Kumbe kuna na upande huu," kisha akakaa kwenye kiti changu kizuri, akayasema vibaya mapazia yangu moja moja. Kachukua vipimo tayari.

Nilipomwona ametulia nikamsomea barua yako. Sikuongeza neno. Alinisimamisha nirudie pale uliposema ulimdhania vibaya tangu utoto, nikarudia. Pale pa asante hakunisimamisha. Nilipomaliza alivuta kanga yake akafuta macho, na mimi nikajitia kutafuta vikombe. Nilimuuliza, nimjibu nini mtoto?

Akasema, "Mwambie alikuwa mzito."

Shangazi yako